Maswali ya Wasomaji: Likizo ya Juni Nje ya Darasa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 7 na mwingine 11, na tunaishi Tabata. Shule zinafungwa Juni hii, na majirani zangu karibu wote wamekwisha kulipia tuisheni. Sipendi wanangu washinde darasani hata wakati wa likizo, lakini pia sitaki washinde mbele ya televisheni. Ni shughuli gani za nje zitakazowaelimisha bila kunigharimu sana?

JIBU: Mama, uamuzi wako ni mwema, nami nakuomba usiyumbishwe na majirani. Usitafute mambo mengi. Mtoto anayerudia jambo moja kwa wiki tatu, akalipima na kuliandika daftarini, hujifunza mengi kuliko yule anayezungushwa mjini kila siku mahali papya.

Anzeni uani. Chomekeni ardhini fimbo iliyonyooka, ibaki meta 1 juu ya ardhi, mahali pasipofikiwa na kivuli cha nyumba wala cha mwembe. Kuanzia saa 5:30 asubuhi hadi saa 7:30 mchana, watoto waweke kijiwe penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10, kisha wapime kwa futi ya fundi cherehani. Macho yao yawe chini kwenye kivuli, kamwe yasilitazame jua lenyewe. Mdogo ataona kivuli kikifupika na kurefuka tena, na hilo linamtosha. Mkubwa atagundua kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hakiji saa 6:00 kamili, bali yapata saa 6:24. Mwache ashangae kwanza, ndipo umweleze kwamba saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Dar es Salaam ipo karibu na nyuzi 39, na kwa sababu hiyo jua hufika juu kabisa kwetu likiwa limechelewa dakika 20 na ushei.

Mwishoni mwa Juni kivuli hicho kifupi kitakuwa na sentimeta 58 hivi, nacho kitaelekea kusini, kwa kuwa jua lipo kaskazini ya ikweta. Kitunzeni kipimo hicho. Likizo ya Desemba ikifika, fimbo ileile itatoa kivuli cha sentimeta 30 hivi, kikielekea kaskazini. Mpwa wangu alipokuwa na miaka 9 aliikamata fimbo kwa mikono miwili, akaitikisa, akauliza ni nani aliyeihamisha. Siku hiyo alielewa mwendo wa jua kuliko nilivyowahi kumweleza kwa mdomo.

Jambo la pili ni bahari, na maandalizi yake pia huanzia nyumbani, kwa kuutazama mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, hata tofauti ya kina hufikia meta 3 na zaidi. Kwa bahati njema, katika mwambao wetu maji ya bamvua hukupwa mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi, wakati unaowafaa watoto. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, yaani hayajai wala hayapwi sana, na safari haina faida kubwa. Watoto wenyewe ndio wachague siku. Wakijua kwamba kila siku maji huchelewa takriban dakika 50, yule wa miaka 11 ataweza kukadiria saa ya kesho na keshokutwa, na hiyo ni hesabu yenye maana kwake kwa sababu akikosea atayakuta maji yamekwisha kujaa.

Nendeni Coco Beach au Kigamboni, mfike saa moja kabla ya maji kukupwa kabisa, na mgeuke kurudi mara yanapoanza kupanda. Wavalishe yeboyebo, maana miamba ina miiba mingi. Kaeni penye dimbwi moja tu, mchutame kimya kwa dakika 15. Wanyama waliojificha mliposogea watatoka mmoja mmoja. Mtaona kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, jongoo bahari na kaa wadogo. Jiwe lililoinuliwa lirudishwe lilivyokuwa, na kombe lenye umbo la pia lisiguswe hata kidogo, kwani konokono wake huchoma kwa sumu.

Ukibakiwa na nauli, wapeleke Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 kando ya Barabara ya Bagamoyo, wapime kwa hatua nyumba za makabila mbalimbali na kuzichora.

SWALI: Wajukuu wangu wakienda pwani hurudi na mfuko mzima wa makombe matupu. Je, kuna ubaya wowote? Babu, Kigamboni.

JIBU: Shikamoo Babu. Upo, ingawa watoto hawana kosa. Wapo kaa wenye tumbo laini lisilo na gamba, ambao huishi ndani ya makombe matupu ya konokono na kuhamia makubwa zaidi kadiri wanavyokua. Waambie wajukuu wayachore palepale mchangani, wapime urefu wake, kisha wayaache. Wakirudi baada ya siku mbili, huenda wakalikuta mojawapo likitembea.