Tufe la Msimbati, na satelaiti "zinazojiangukia"

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mvuvi wa Msimbati, Mtwara. Bahari imetutupia tufe jeusi, gumu, limezidi kidogo mpira wa miguu. Kuna mtu katoka mjini anasema ni la satelaiti iliyozeeka ikaanguka, ndani mna madini ya mamilioni, tulikate kwa gesi tugawane. Tukubali?

Jibu: Marahaba. Msilikate! Huenda ni boya tu la meli. Lakini kama kweli ni mtungi wa roketi au satelaiti, unaweza kuwa bado na gesi iliyoshindiliwa, au masalia ya haidrazini, mafuta ambayo hata mvuke wake ni sumu. Watoto wakae mbali, aitwe mwenyekiti wa kijiji na polisi. Wala si mali ya aliyeokota: kwa mkataba wa 1967, chombo cha angani hubaki cha mwenyewe popote kitakapoangukia.

Madini hayamo. Madalali hawa wamenichosha. Ile dhahabu mnayoiona kwenye picha za satelaiti ni plastiki nyembamba ya manjano, nyuma imepakwa alumini. Na mitungi mingi hunusurika moto wa kushuka kwa kuwa ni ya titani, isiyoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 1,600.

Ila linaloniudhi zaidi ni hilo la "iliyozeeka ikaanguka". Satelaiti haiangushwi na uzee. Inaburutwa na hewa. Kilomita 400 juu hewa kidogo ipo, na kitu kisichosukumwa hushuka ndani ya miaka michache. Kilomita 800, ni karne. Vanguard 1 ya Marekani ilirushwa 1958, ikanyamaza 1964, na ingali inazunguka. Mwaka 2009 Kosmos 2251, satelaiti mfu ya Urusi, iligongana na Iridium 33 iliyokuwa kazini, vikamwagika vipande zaidi ya elfu mbili.

Kwa hiyo kushuka kunapangwa mezani, kabla ya kurusha: mafuta ya kujishushia yatengwe, kazi ikiisha mitungi imwagwe na betri zikatwe zisije zikalipuka, na penye titani iwekwe alumini, inayoteketea njiani. Marekani mwaka 2022 ilikata muda wa satelaiti za chini kubaki juu baada ya kazi, kutoka miaka 25 hadi 5. Bado wapo wauzaji wa satelaiti wanaowaambia wateja kuwa satelaiti ndogo haihitaji yote hayo, itajiangukia. Nanyi mnaotaka kununua satelaiti, mwulizeni muuzaji wa namna hiyo itakaa kilomita ngapi juu na itashushwa na nini. Akibabaika, msimlipe.