Utofauti kazini: kabla ya kulipia semina angalieni kwanza kazi zinagawiwaje

Mkuu, umesema bosi wenu anataka kampuni iwe na watu wa aina zote na kila mtu ajisikie yumo, na keshaagiza mtafute mtu wa kuendesha semina ya siku moja, wafanyakazi wote waingie kwa lazima. Ukauliza muanzie wapi. Mimi niko HR, yaani idara ya wafanyakazi, muda mrefu na hili nimelifanya kwenye kampuni ndogo na kubwa, ushauri wangu ni kwamba hiyo hela ya semina ishikeni kwanza. Watu wanasaini mahudhurio, wanasikiliza, kesho yake kila mtu anarudi kwenye utaratibu uleule, na wapo wanaotoka na kinyongo wakiona wameitwa wabaguzi mbele za watu. Wanasosholojia wawili wa Marekani, Frank Dobbin na Alexandra Kalev, walichambua data za miaka 30 za kampuni zaidi ya 800 za kwao, na mwaka 2016 wakaandika kwamba mafunzo ya kulazimisha hayaongezi wanawake na watu wa makundi madogo kwenye nafasi za umeneja, saa nyingine wanapungua kabisa. Kilichoonekana kusaidia ni kuwapa watu walezi wa kuwashika mkono kazini, na kuwepo mtu anayewajibika akiulizwa mbona idara yako haibadiliki.

Kwenye kuajiri, anzeni na tangazo lenyewe. Kila sharti jiulizeni kazi inalihitaji kweli au limenakiliwa tangazo la mwaka juzi, maana unakuta kazi ya kukaa mezani inadai leseni ya udereva, hapo asiyeona keshatoka kabla hamjamjua. Halafu CV, mtu asiyekuwemo kwenye maamuzi afiche majina na picha kabla wasaili hawajazisoma. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti wa maombi ya kazi kama 5,000 yaliyotumwa kwenye matangazo ya Boston na Chicago, sifa zinafanana ila majina tofauti, na yale yenye majina ya Kizungu yakapigiwa simu karibu asilimia 50 zaidi ya yale yenye majina ya Wamarekani weusi. Jina tu hilo mkuu, mtu hajafungua mdomo.

Sasa usaili ndiyo mahali nimeona mabadiliko ya haraka. Kampuni moja niliyoisaidia, mgombea akishatoka tu mlangoni mwenyekiti wa paneli anasema "huyu nimemkubali" au "huyu hapana, hataendana na sisi", na mkubwa akishasema hivyo nani tena atamwaga maksi tofauti. Tukabadilisha: maswali yaleyale kwa kila mtu, kila msaili anaandika alama zake peke yake na sababu pembeni, karatasi zinakusanywa ndipo watu waongee. Kuna karatasi moja siisahau, mgombea kapewa 3 kati ya 10 kwenye mawasiliano, sababu imeandikwa "anaongea taratibu sana", na kazi yenyewe ni ya kukagua hesabu. Wenzake walipoisoma kwa sauti wakarudi kwenye majibu aliyotoa, wakakuta ndiye aliyeliona kosa kwenye jedwali la majaribio ambalo wengine wote walilipita. Bila ile karatasi tungeambiwa tu "hakutuvutia" na mjadala umeisha. Kwa hiyo wale wanaosema mnashusha viwango waonyesheni hizi karatasi, mtu akiwa na kipimo kilichoandikwa viwango vinapanda.

Lakini kuajiri ni nusu ya kazi, na kampuni nyingi zinaishia hapo, mwaka wa pili wale walioajiriwa kwa mbwembwe wameshaacha kazi. Wanaacha kwa sababu ya ugawaji wa kazi za kila siku, na hapa naomba mkae sana. Chukua orodha ya miradi ya mwaka mzima, andika nani alipewa mteja mkubwa, nani alitumwa kuwasilisha kwa bodi, nani anaandika muhtasari wa vikao, nani anaandaa chai ya wageni na sherehe za kuagana. Nimefanya hili zoezi na mameneja wakanyamaza, maana majina ya waliopewa kazi kubwa hayafanani kabisa na ya wanaoandika muhtasari na kuandaa chai. Kuna dada karudi kutoka likizo ya uzazi, meneja wake kwa nia nzuri kabisa akampunguzia mzigo, ule mradi mkubwa akampa mwingine, wala hakumuuliza. Ilipofika zamu ya kupandisha vyeo akaambiwa hana uzoefu wa miradi mikubwa. Huyo hakutukanwa na mtu, hakuna wa kumshtaki, na bado kabaki nyuma. Dawa yake ni meneja kuuliza kabla ya kuamua, na orodha ya nani kapewa nini ipitiwe na mtu wa juu yake kila robo mwaka.

Kwa wenye ulemavu msikisie, muulizeni mwenyewe anahitaji nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki zao, ibara ya 27, unataka mazingira ya kazi yarekebishwe yamfae, na mara nyingi si mambo ya hela nyingi. Nilifanya kazi na mwenzetu asiyesikia, anasoma midomo, na vikao vyetu taa zinazimwa ili slaidi zionekane na anayeongea kageukia ukutani. Akaomba vitu vitatu: taa ziwake, anayeongea awatazame watu, ajenda itumwe jana yake. Basi. Na hiyo ajenda ya mapema ikawasaidia hadi wale wasioongea kwenye vikao, wakawa wanakuja na hoja zao wamejipanga.

Mishahara linganisheni kazi za thamani sawa, siyo vyeo tu, maana cheo ni rahisi kubadilisha jina. Na njia ya malalamiko isipite kwa meneja pekee, kwa sababu mara nyingi ndiye anayelalamikiwa. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unawalinda dhidi ya ukatili na unyanyasaji hata wanaojitolea, wanafunzi wa mafunzo kazini na wanaoomba kazi, kwa hiyo utaratibu wenu uwafikie na hao.

Kwa bosi wako nenda na ombi moja tu wiki hii, akuruhusu upitie waliopandishwa cheo miaka mitatu iliyopita na miradi waliyopewa kabla ya kupanda. Ukishaipata hiyo orodha, futa majina uilete hapa tuisome pamoja.