Ofisini kwa Mkuu: Ng'ombe wa mwalimu, barua saba na funguo za stoo

*Mwandishi wa safu hii aliongoza shule ya sekondari ya kata katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, tangu 2006 hadi alipostaafu 2020. Anajibu barua za wasomaji.*

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34, nimeteuliwa kuwa mkuu wa shule Januari hii. Shuleni nimemkuta mwalimu aliyenifundisha jiografia. Anachelewa karibu kila siku na wenzake wameanza kumwiga. Nikimwita ofisini, yeye ndiye anayeniuliza habari za wazazi wangu. Nifanyeje?
*Mkuu mpya, Kilosa*

Marahaba, mwanangu. Hongera, na pole humo humo.

Mwalimu wako anakuuliza habari za wazazi kwa sababu anajua umemwitia nini. Huyo ni fundi. Mjibu, muulize na za kwake, na siku hiyo usitaje kuchelewa kabisa. Kesho yake mfuate wewe pale anaposahihishia madaftari. Usimwite tena ofisini. Ile meza ya mkuu humkumbusha mzee kwamba alikuona ukiwa na kaptula.

Nayasema haya kwa sababu mimi nilianza vibaya. Mwaka 2006 tulikuwa na madarasa mawili ambayo rangi yake bado inanuka, kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na walimu tulikuwa wanne: mimi, mzee mmoja wa Kiswahili, na vijana wawili waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache, wale ambao watu waliwabatiza voda fasta. (Mmoja wao leo ni mkuu wa shule. Jina hilo silipendi.) Kila ikifika saa moja na nusu nachora mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Mzee anafika saa mbili na dakika kumi, anasaini chini ya mstari kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kesho vivyo hivyo. Nikamwandikia barua ajieleze. Alinijibu kurasa mbili, na mwishoni akanisahihishia kosa la upatanisho wa kisarufi lililokuwa kwenye barua yangu.

Kilichomchelewesha ni ng'ombe. Alikuwa nao wawili, akikamua alfajiri na kupeleka maziwa Soni, kwa sababu malimbikizo yake ya mshahara yalikuwa hayajalipwa na nyumbani ana watoto wawili chuoni. Hayo sikuyapata kwenye barua. Niliyapata kwa mke wake, siku nilipokwenda kununua maziwa.

Mwaka uliofuata tulipoongezewa walimu nilimwondolea vipindi viwili vya kwanza, naye akachukua vya mwisho vya alasiri, vile ambavyo kila mwalimu anavikwepa. Hakuchelewa tena. Nikajiona nina akili sana. Haujaisha mwezi, walimu wengine wawili nao wana ng'ombe.

Hapo ndipo nilipoacha kuamua peke yangu. Nikaliweka jambo kwenye kikao cha walimu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ni kazi. Wakakubaliana wenyewe: anayetaka nafuu ya asubuhi achukue vipindi vya alasiri pamoja na zamu ya Jumamosi hosteli. Ng'ombe mmoja alikufa siku ile ile, na hata pole sikutakiwa kutoa.

Kwa hiyo mwalimu wako mtafutie sababu yake kwanza. Hao wanaomwiga usiwabembeleze. Barua za onyo zipo, Tume ya Utumishi wa Walimu ipo, lakini ukianzia huko huna pa kurudi. Na wewe mwenyewe uwe umefika saa moja kasoro robo, kila siku, hata siku ambayo DEO, afisa elimu wa wilaya, amekukesheza na takwimu zake. Mkuu anayechelewa kwa sababu nzuri bado ni mkuu aliyechelewa.

Madam, mkuu wetu kila asubuhi anaanzia vyooni kabla ya kwenda ofisini. Wenzangu wanamcheka. Ni kawaida?
*Kidato cha Tatu, Mwanza*

Si kawaida, na ndiyo maana nampenda kabla sijamjua. Kiwango kinachotakiwa ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Ada ilipofutwa mwaka 2016 watoto walitujia kwa wingi, nikajikuta na wasichana 260 na matundu sita. Piga hesabu mwenyewe. Nilikuwa nashangaa kwa nini wasichana wangu wanaomba ruhusa ya kwenda nyumbani saa nne, mpaka siku moja nilipoingia choo chao kama mtumiaji badala ya mkaguzi. Waambie wenzako wacheke tu, ila wamwage maji.

Mwalimu, shuleni kwetu amerudi msichana wa kidato cha pili aliyekuwa amejifungua. Wanafunzi wanamwita "mama fulani" kwa jina la mtoto wake, na baadhi ya walimu pia. Mkuu wetu anasema tusilikuze, litaisha lenyewe. Mimi naona binti anazidi kunyong'onyea.
*Mwalimu wa ushauri nasaha, Singida*

Haliishi lenyewe. Litakaloisha ni mahudhurio ya binti.

Nitakuambia jambo ambalo sijalisema sana. Katika miaka yangu 14 nilisaini barua saba za kufukuza shule wasichana wajawazito. Kila shule ikifunguliwa tuliwapima, matroni ananiletea majina kwenye kipande cha karatasi, mimi naita mzazi, nasaini. Enzi hizo kanuni zilisomwa hivyo na mimi sikuwa mtu wa kuuliza sana. Nilikuwa mtu wa faili. Mmoja wa wale saba alikuwa wa kwanza katika biolojia kidato cha pili. Mwaka 2019 nilimkuta sokoni Soni anauza karoti. "Shikamoo Madam." Akanifungia fungu, akaniongezea la bure, akanikatalia hela. Zile karoti zilikaa jikoni kwangu mpaka zikasinyaa.

Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi, mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu, nipo nyumbani nachambua maharage. Nilikumbuka majina yote saba bila kufungua faili.

Sasa huyo wako. Mwambie mkuu wako, kwa heshima, kwamba suala la jina ni la walimu kabla ya kuwa la wanafunzi. Mwalimu akimwita kwa jina la mtoto darasani, darasa limepewa kibali. Mkuu awaambie walimu peke yao, mlango umefungwa, na asilipeleke mstarini. Ukitangaza mstarini kwamba fulani asiitwe hivi, umemwita hivyo mbele ya shule nzima.

Halafu muulize binti mambo ya kawaida. Mtoto anabaki na nani? Ananyonya? Kama nyumbani ni karibu, apewe ruhusa ya mchana akanyonyeshe arudi, bila kuandika barua kila siku. Hawa mara nyingi hawaachi shule kwa aibu peke yake. Wanaacha kwa sababu bibi wa mtoto ameugua na hakuna wa kumshika. Ukilijua hilo mapema unaweza kulipangia. Ukilijua baada ya wiki mbili za utoro, umechelewa.

Habari za siku, Mwalimu. Mke wangu ni mkuu wa shule yenye bweni. Anarudi saa mbili usiku, na simu inaita mpaka tunalala: mara mzazi, mara mlinzi, mara afisa elimu. Juzi mwanetu wa miaka tisa aliuliza kama anaweza kuhamia shule ya mama ili awe anamuona. Nilimwambia mke wangu achague, akanuna, hatujaongea vizuri tangu hapo.
*Mume, Tabora*

Nzuri, shemeji. Kwanza lirudishe hilo neno la kuchagua. Hakuna mwanamke aliyefika ukuu wa shule bila kuambiwa achague mara kumi, na wewe umekuwa wa kumi na moja.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kata ya jirani. Watu wanachanganya: mwalimu mkuu ni wa msingi, mkuu wa shule ni wa sekondari. Nyumbani kwetu walikuwepo wote wawili na hakuna aliyepika. Tuliishi nyumba ya shule, hatua mia moja kutoka ofisini kwangu, na ukaribu ule ndio ulioniponza. Nilikuwa natoka ofisini saa moja jioni, nakula, narudi kusimamia prepu, masomo ya usiku, narudi kulala. Funguo zote za shule nilikuwa nazo mimi: maabara, stoo ya mahindi na maharage, hosteli. Nilizivaa kwenye kamba shingoni. Usiku mwanafunzi akiugua lazima waje kunigongea, kwa sababu hata ile fomu ya kupeleka mgonjwa zahanati niliifungia kabatini.

Binti yetu alisoma kwangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Shuleni tulikubaliana aniite Madam kama wenzake. Jioni moja tuko mezani, akaninyooshea mkono: "Madam, naomba chumvi." Baba yake akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nilimpa chumvi. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, kati ya shule za bweni zilizokuwepo akaitaka ya mbali kuliko zote. Nikawaambia walimu wenzangu kwamba mtoto anafuata taaluma. Miaka baadaye aliniambia alitaka kula bila kusikia funguo zikigongana.

Kilichonibadilisha hakikuwa hekima. Ilikuwa malaria. Mimi mwenyewe nililazwa siku nne, na ile kamba ya funguo ikabidi nimpe makamu wangu, huku nikimwachia maelekezo marefu kama hotuba ya mahafali. Usiku wa pili msichana wa hosteli akazidiwa. Makamu akampakia bodaboda na matroni, wakamfikisha zahanati, wakamwita mzazi, wakaandika taarifa. Nilizijua habari hizo siku niliyoruhusiwa kutoka. Nilikasirika kwamba sikuambiwa. Kisha nikaona haya, maana lilikuwa limefanyika vizuri kuliko ninavyolifanya mimi. Mimi ningempigia kwanza DEO.

Niliporudi kazini sikuzichukua funguo zote. Maabara ikabaki kwa mwalimu wa kemia, hosteli kwa matroni, stoo kwa mwalimu wa chakula na mzazi mmoja wa bodi, kila mmoja na kufuli lake, mlango haufunguki mpaka wawepo wote. Mahindi yakaanza kudumu mpaka mwisho wa muhula. Sitasema zaidi.

Basi usimuulize mkeo anarudi saa ngapi. Muulize kwa upole nani mwingine ana ufunguo wa stoo, na mlinzi akipata tatizo usiku anampigia nani kabla yake. Akikujibu "hakuna", umepata pa kuanzia mazungumzo, na utakuwa umeuliza kama mtu anayeijua kazi yake. Simu tuliweka sheria ndogo: saa mbili hadi saa tatu usiku inakaa jikoni ndani ya ndoo ya unga, mfuniko juu. Iliita humo mara nyingi. Unga haukuharibika.

Na huyo mdogo msimpeleke shule ya mama yake. Nakuomba. Binti yangu sasa ana watoto wawili, hunipigia Jumapili mchana, anaanza na "Shikamoo mama." Akiniita Madam najua anataka hela.