Mgeni amekodi mashua, hakukodi maji

Likizo ya Agosti imefika, na yale yale yameanza. Jumamosi iliyopita, juu ya Mikindani, hapa Mombasa, nimeona mashua imelala ubavu topeni, tanga linaning'inia, baba mtu kainua simu juu anatafuta netiweki, watoto wanalia. Nahodha, kijana tu, anasukuma pondo peke yake na maji yako kwenye kifundo cha mguu. Unasukuma nini, mwanangu? Maji yameshakwenda zake. Weka pondo, pika chai, zungumza na wageni wako.

Haya siwaandikii wazee wa Bandari ya Kale. Wao watacheka na kuniuliza nimepata wapi muda. Nawaandikia nyinyi mliopata cheti juzi, mkakabidhiwa mashua ya tajiri fulani, na sasa mnachukua familia siku mbili tatu kuzunguka kriki, ile mikono ya bahari inayoingia bara: Tudor, Port Reitz, wengine mpaka Mtwapa. Kazi nzuri hiyo, na wageni wanaipenda kuliko kupandishwa ngamia ufukweni. Ila makosa mnayofanya tulishawafanyia zamani, tena kwa ukamilifu. Hakuna haja ya kuyarudia.

1. Jedwali la maji

Kila mmoja wenu analo kwenye simu, kwa hiyo sitawafundisha kusoma namba. Mnachosahau ni mwezi. Mnajua saa ya maji kujaa leo, lakini hamjiulizi kama maji ya kesho yatakuwa makubwa kuliko ya leo au madogo. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Kilindini maji hujaa mnamo saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, yakifika, saa za kujaa zimesogea hadi mnamo saa nne, saa tano, na tofauti yenyewe ni mita 1 na kidogo. Sasa piga hesabu: mashua iliyoelea vizuri juu kabisa ya kriki siku ya bamvua, itaelea wapi wiki inayofuata?

Ingia kriki maji yakijaa, geuza kabla hayajasimama. Ukigusa tope maji yanajaa, yatakuinua yenyewe. Ukigusa yamesimama, soma namba 2.

2. Usimuogope mwenye pesa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu yule kijana wa Mikindani nilipomtazama nilijiona mwenyewe.

Nilikuwa na familia kutoka Nairobi: baba, mama, watoto watatu, na nyanya yao, mama mzee aliyepanda na kikapu chake na hakutaka mtu amshikie. Watu wazuri. Siku ya kwanza tulilala karibu na Tudor, hawakulalamika hata mbu walipokuja. Siku ya pili tukapanda juu. Mwezi ulikuwa umeshapevuka siku tatu nyuma, maana yake bamvua inakwisha na kila maji yanayojaa ni pungufu kuliko yaliyotangulia. Nilijua. Maji yalikuwa yajae kiasi cha saa kumi na mbili jioni, na nilikuwa nimeshapanga kichwani kwamba saa kumi na moja nageuza, liwe liwalo.

Saa kumi na moja ikafika. Baba mtu alikuwa amesoma habari za Krapf na Rebmann, wale wamishonari waliofungua kituo chao Rabai mwaka 1846, na alitaka kuwaonyesha wanawe njia ya maji waliyopita kutoka Mombasa. "Twende mbele kidogo tu, kapteni. Kona moja." Nikaangalia maji, nikaangalia mwezi uliokuwa bado haujatoka, nikamuangalia yeye, mtu aliyelipa kwa siku tatu bila kuomba kupunguziwa. Nikasema, "Hakuna shida."

Neno hilo limepwelesha mashua nyingi kuliko miamba yote ya pwani hii.

Kona moja ikawa tatu. Kisha akaomba ashike kana, mpini wa usukani, ili apigwe picha. Nikampa, nikainama kumimina chai. Nyinyi mnajua kriki inavyopinda: maji marefu yako upande wa nje wa kona, tope liko ndani. Yeye alikata kona kama dereva anayewahi taa. Mashua ikigonga mwamba utasikia, lakini ikikalia tope haipigi kelele yoyote. Chai haikumwagika. Mikoko iliyokuwa ikipita tu ikaacha kupita.

Kosa la pili nikalifanya papo hapo: nikawasha mashine, nikarudisha nyuma kwa nguvu zote. Rafadha, pangaboi la mashine, ikachimba, maji ya kupoza mashine yakawa uji wa tope, moshi ukaanza kutoka. Nikazima. Kosa la tatu ndilo linalonikera mpaka leo kuliko yote mawili. Mama mtu aliuliza kama kuna tatizo, nami nikamwambia tunapumzika kidogo, waone ndege.

Wakaona ndege. Nusu saa hivi walifurahi kweli. Halafu mashua ikaanza kuegemea, kwanza kidogo, kisha sufuria ya biriani ikateleza kutoka shetri, kule nyuma, mpaka ubavuni na kusimama hapo, kifuniko kimeanguka. Nyanya akaukumbatia mlingoti kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukashika kikapu. Binti mdogo alichungulia nje, akaona tope linang'aa, kaa wanatembea pale tulipokuwa tunaelea, akauliza, "Mto umeenda wapi?"

Hakuna aliyemjibu.

Giza lilipoingia akapita mtoto wa Jomvu kwenye mtumbwi, katika kile kijito kilichobaki katikati. Hata miaka kumi na mitatu sidhani kama alikuwa ametimiza. Akatumulika na tochi. "Mumepwelewa?" Nikamjibu ndiyo. Akacheka bila kujificha, kisha akaniambia, mbele ya wageni wangu, kwamba maji ya alfajiri ni madogo kuliko ya leo, na nisipoipunguzia mashua mzigo nitakaa pale mpaka mwezi uandame. Nilikuwa nayajua yote hayo. Lakini baba mtu alikuwa hayajui, na uso wake nikauona kwenye mwanga wa ile tochi.

Ndipo nyanya aliponiuliza, kwa upole tu, "Kapteni, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Sikuwa na jibu.

Usiku ule tulitoa mawe ya farumi, yale ya kuipa mashua uzito, moja moja na kuyapanga topeni. Tulimwaga maji ya kunywa tukabakisha mtungi mmoja. Yule mtoto wa Jomvu akakubali kubeba nanga kwenye mtumbwi wake na kuitupa kule kwenye maji marefu, kwa bei aliyoipanga yeye, nami sikubishana. Kulipokaribia kupambazuka maji yakarudi, polepole, mpaka nikawa nayahesabu kwa vidole kwenye ubao. Nikawaweka wageni wote upande mmoja ili mashua iiname na mkuku, ule uti wa chini, uinuke, mimi na baharia wangu tukavuta amari, kamba ya nanga. Haikusogea. Tukavuta tena. Baba mtu akavua viatu, akaja kushika kamba nyuma yangu bila kusema neno. Ikasogea shibiri, ikasimama, ikasogea, halafu ghafla ikawa chombo tena.

Nusu ya pesa nilimrudishia bila kuombwa. Nusu nyingine tajiri aliikata kutengeneza mashine. Mawe ya farumi yako kule kule, kama kuna anayeyataka.

Basi, kabla hamjaondoka gati, kabla pesa haijaingia mkononi, mwambie mgeni: saa ya kugeuza naamua mimi. Mwandikie kwenye WhatsApp ili asije akasahau. Atakayekasirika, mpe namba ya mwenzako.

3. Watoto

Jaketi za kuelea wavae wakiwa bado gatini, ufunge mwenyewe, na lile la mtu mzima asivalishwe mtoto hata siku moja kwa sababu atachomoka chini.

Demani, kamba ya tanga, ikibadilishwa upande, kila mtu chini. Nimeona kijana wa kidato cha pili akipigwa na kamba sikioni kwa sababu alikuwa anajirekodi. Alinyamaza siku nzima, na mamake akasema ndiyo likizo bora waliyowahi kupata.

4. Madaraja

Pimeni mlingoti. Daraja la Nyali liko pale tangu 1980 na haliinuki na maji, ila mashua yenu inainuka. Ulipopita asubuhi maji yamekupwa si lazima upite jioni ya bamvua. Na Mtwapa vile vile. Pia pale chini ya Nyali mkondo una nguvu. Ukikutana na maji yanayotoka na upepo umekufa, utasimama mahali pamoja, wapita njia darajani wakipiga picha.

5. Choo

Mnaona aibu kulizungumza, kwa hiyo wageni wanateseka. Ndoo, kifuniko, pazia zito, na maelezo ya wazi mwanzoni. Nilibeba familia moja ya hapa hapa Mji wa Kale, akina mama watu wazima, wakanyamaza kutwa nzima hawanywi maji, kwa sababu baharia wangu alilitumia pazia kufungia tanga dogo, alipoona kamba zimempungukia. Shangazi wao aliponifahamisha jioni, alinifahamisha kwa sauti ambayo nadhani hata Kizingo waliisikia.

6. Kutoka Tudor kwenda Port Reitz

Hamtapita nyuma ya kisiwa, mtazunguka mbele: Bandari ya Kale, Ngome ya Yesu, kisha nje, kisha kuingia Kilindini. Pale nje ndipo wote hutapika. Wapeni mahamri makavu na tangawizi kabla, si biriani. Wakati huu wa kusi pitieni asubuhi mapema, upepo wa nchi kavu ukiwa bado upo. Alasiri mtapiga bisho, kupigana na upepo wa mbele, mpaka wageni waombe kushushwa Likoni wakapande feri.

Kilindini si kriki. Meli yenye makontena haiwezi kukukwepa hata ikitaka, na feri za Likoni zina haraka zao. Kaeni pembeni, vukeni kwa mstari ulionyooka, kisha mkiingia Port Reitz kumetulia kabisa, mpate kupumua. Huko watoto wakiuliza hilo jina limetoka wapi, waambieni ni luteni wa Kiingereza aliyeachiwa Mombasa mwaka 1824 na hakumaliza hata mwaka, homa ikamuua. Baada ya hapo hata yule mkaidi atakubali kupaka dawa ya mbu.

7. Mengineyo, kwa sababu jua limeshapanda

Viatu topeni, daima: chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko hukata mguu na kidonda chake hakiponi haraka. Karibu na Mikindani na Mji wa Kale watoto wasiogelee, majitaka yanaingia pale. Idadi ya abiria ni ile iliyoandikwa kwenye leseni, na binamu waliojitokeza gatini asubuhi nao huhesabiwa. Mkoko usifungiwe kamba kwenye tawi kavu. Kuni msikate, nawaomba, hata mkandaa mmoja. Makaa yanauzwa kila mahali.

Kana, mpeni mgeni ashike. Ndiyo, nasema mimi. Watu wanakuja na watoto wao ili washike kana, na ukiwanyima utakuwa umewabeba kama mizigo. Ila mpe katikati ya maji marefu, maji yakijaa, nawe umekaa karibu yake mikono mitupu. Chai mwachie baharia.

Na upo wa kufulia maji usiazimwe kuoshea samaki. Utatafutwa saa nane za usiku, na atakayekuwa anautafuta ni wewe.