Re: Kutoka Sinza hadi Tabata na gari, nipite wapi?

Habari ndugu. Nimekuelewa: Jumamosi unampeleka mama mgonjwa kutoka Sinza hadi Tabata, hapa Dar es Salaam, mfike saa nne asubuhi, na unahofia foleni ya Ubungo.

Mimi njia hiyo naipita karibu kila wiki. Kwanza angalia mvua. Kama imenyesha usiku, usijaribu kukatiza Kigogo kwa sababu Mto Msimbazi ukijaa utajikuta unageuza gari, tena na mgonjwa ndani.

Kama ni kukavu, shuka na Shekilango mpaka Morogoro Road, subiri taa, pinda kulia. Hapo usiingie njia ya mwendokasi hata ukiona wengine wanapita. Ukikaribia Ubungo shika kushoto mapema, usipande Daraja la Kijazi, lile la juu pale Ubungo. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: ukishapanda juu umepitiliza unaelekea Kimara, na kurudi ni kazi. Ukibaki chini unakunja kushoto, unaingia Barabara ya Mandela.

Mandela ni ya malori ya bandarini. Yakisimama yamesimama. Nimewahi kukaa nyuma ya lori la kontena hadi mama yangu akaomba dirisha lifunguliwe, moshi umemzidi. Kwa hiyo ondokeni saa mbili na nusu, na maji ya kunywa muweke mbele, si kwenye buti.

Ukipita kituo cha External, anza kuhamia kulia taratibu, Tabata utaikunjia upande huo.

Kwa kurudi jioni siwezi kukuahidi dakika. Mpe mama pole.