Jibu: Weusi wa wavuwavu juu ya kiuno

Shoga yangu wa Chake, umeuliza weusi huo wa mgongoni umetoka wapi, na ukataja kwamba kila ukiwa mwezini unajikanda kwa chupa ya maji moto. Mimi naishuku chupa hiyo hiyo. Joto lisilofika kuunguza, likirudiwa pale pale kwa wiki nyingi, huacha alama za kahawia zilizofumana kama jarife, ule wavu wa kuvulia samaki. Liache kabisa; alama hufifia taratibu, kwa miezi. Kwa wengine chanzo ni shanga za kiunoni au mkanda wa sketi unaosugua. Mba nayo ipo, kwa jasho letu hili, ila yake ni mabaka yenye magamba membamba, hutaka dawa ya fangasi. Mkorogo usiuguse, tafadhali! Pakitoka kidonda au kinundu, nenda hospitali.