Swali la lugha: Limau jeusi, ndimu kavu au lumi?

Msomaji wetu wa Muscat anafungasha viungo nyumbani na anataka lebo ya Kiswahili kwa wateja wake Waswahili. Anauliza: "Lile tunda dogo gumu tunalotia kwenye makbusi, ule wali wa Kiarabu wenye viungo, niliite limau jeusi, ndimu kavu, au niache lumi kama wanavyosema Waarabu? Mama anakataa ndimu kavu. Anasema hiyo ni ndimu isiyo na maji."

Limau tuliondoe kwanza. Kinachochemshwa kwenye maji ya chumvi na kuanikwa juani mpaka kikawa chepesi na kigumu ni ndimu, ile ndogo ya mviringo yenye ganda jembamba. Bara, hasa Kenya, wengi huita ndimu hata limau lenyewe, lakini Mswahili wa Unguja au Mombasa akisoma "limau" atatafuta tunda jingine kabisa. Na huo weusi nao una walakini: ndani ni nyeusi, ila ganda huwa na rangi ya udongo, kahawia au nyeusi, kutegemea ilivyokaushwa. Mteja akiona za kahawia atadhani ameuziwa siyo.

Mama yako ana hoja. Sokoni, "ndimu hizi kavu" ni lawama. Kukauka hutokea kwenyewe, hata kwa ndimu iliyosahauliwa kapuni. Kukaushwa ni kazi ya mtu. Kwa hiyo kwenye lebo andika "ndimu zilizokaushwa". Ndani ya maelezo ya mapishi, ambako msomaji keshajua kinachozungumzwa, "ndimu kavu" inatosha, kama tunavyosema pilipili kavu bila mtu kuuliza. Usiandike "ndimu makavu": ndimu ni ya ngeli ya I-/ZI-, kavu haibadiliki. Makavu ni malimau.

Lumi si kosa. Wateja wako wa Oman wanalijua, nawe liweke chini ya jina la Kiswahili kwa herufi ndogo: lumi hii, lumi hizi, bila "malumi".

Vipi kuhusu "ndimu ya Oman"? Wairani ndivyo wanavyosema, limu omani, wanapoitia kwenye ghormeh sabzi, mchuzi wao wa majani, nyama na maharage. Wairaki huiita numi Basra, kwa jina la bandari yao. Watu huita bidhaa kwa njia iliyowafikia, kama sisi na viazi Ulaya. Ila kwenye lebo jina la nchi ni ahadi. Tangu miaka ya 1970 ugonjwa wa midimu, unaofanya matawi yasongamane kama fagio, umeiharibu sana midimu ya Oman, na si kila ndimu kavu inayouzwa Muscat imeota huko. Kama zako ni za shamba la hapo, andika kwa fahari. Kama hujui, acha.

Jambo moja hukuliuliza. Kwa Mswahili, "tia ndimu" maana yake kamua. Ukiandika hivyo kwenye maelezo, mtu atabaki akiminya kitu kisicho na tone. Andika: "Osha ndimu kavu mbili, zitoboe kwa ncha ya kisu, zitumbukize nzima kwenye supu ya nyama." Na anayezipasua azitoe kokwa, maana zinatia uchungu.